Chakula na Dawa, au Ini Jipya? Kulinganisha Tiba za Hitilafu za Mzunguko wa Yurea kwa Kuutazama Ubongo wa Mtoto

Mtoto huzaliwa mzima, hunyonya vizuri siku ya kwanza, kisha siku ya pili au ya tatu hukataa ziwa, hulegea, hupumua harakaharaka na kuzama katika usingizi usioamshika. Mara nyingi hudhaniwa kuwa ana maambukizi katika damu na huanzishiwa antibiotiki, mpaka atokee mtu wa kufikiria kupima amonia. Wazazi wengine hufika kwa njia nyingine: mtoto wao amekua miaka kadhaa akionekana mchaguzi wa chakula tu, anasukuma sahani ya nyama na mayai, anatapika kila apatapo homa, halafu siku moja anaanza kuropoka na kupepesuka kama mlevi. Wote hao, jina la ugonjwa, yaani hitilafu ya mzunguko wa yurea, likishapatikana na hatari ya kwanza ikishapita, huulizwa swali lilelile: mtoto aendelee maisha yake yote kwa chakula cha kupimwa na dawa, au apandikizwe ini jipya?

Makala haya yanazilinganisha njia hizo mbili kwa kuutazama ubongo, kwa sababu ubongo ndio kiungo kinachopata hasara isiyofidika. Uamuzi wenyewe hufanywa na familia pamoja na daktari bingwa wa magonjwa ya umetaboli, yaani ya jinsi mwili unavyotumia chakula; kinachofuata hapa ni cha kuwasaidia wazazi wamwendee daktari huyo wakiwa na maswali yaliyonyooka.

Kinachotokea kichwani

Mzunguko wa yurea, ambao Hans Krebs na Kurt Henseleit waliueleza huko Ujerumani mwaka 1932, ni kazi ya ini ya kuigeuza amonia itokanayo na protini kuwa yurea, ambayo hutoka kwa mkojo. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, protini zinazoendesha mabadiliko ya kemikali mwilini; kimoja kikikosekana au kikiwa dhaifu, amonia hubaki katika damu, nayo damu huifikisha kichwani. Ubongo hauna mzunguko kamili wa yurea wa kuiondoa. Ulinzi wake ni seli ziitwazo astrositi, ambazo huiunganisha amonia na glutameti na kutengeneza glutamini. Ulinzi huo una gharama yake: glutamini ikirundikana ndani ya astrositi huvuta maji, seli huvimba, na ili kupunguza uvimbe seli hutoa nje vitu vingine vinavyoshika maji, hasa mayo-inositoli. Akiba ya mayo-inositoli ikiisha hakuna tena cha kutoa, na ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka.

Hayo ni ya siku ya dharura. Jambo ambalo familia nyingi hazielezwi ni kwamba hali hiyo huwapo kwa kiasi kidogo hata siku za kawaida. Timu ya Andrea Gropman huko Washington, ikitumia spektroskopia, kipimo kinachofanyika ndani ya mashine ileile ya MRI na kusoma kemikali zilizomo ubongoni, iliwapima watu wenye upungufu wa kiasi wa kimeng'enya cha ornithini transkabamilesi, kwa kifupi OTC. Walikuta glutamini imepanda na mayo-inositoli imeshuka, na baadhi ya waliopimwa walikuwa wanawake waliobeba jeni yenye kasoro hiyo bila dalili yoyote ya wazi. Kwa hiyo karatasi ya maabara yenye amonia nzuri ni habari njema, ila ni habari ya damu, na ya saa ile iliyochukuliwa.

Vigezo vya ulinganisho

Kila njia itapimwa kwa maswali manne. Kwanza, inaupunguziaje ubongo mzigo wa amonia na glutamini siku za kawaida? Pili, inaukinga vipi na dharura za ghafla? Tatu, ni yapi katika umetaboli wa ubongo ambayo haiyafikii? Nne, inaudai nini mwili wa mtoto na nyumba anamokulia? Swali la pili lina uzito kuliko mengine. Utafiti wa mwaka 1984 huko Marekani uliowafuatilia watoto walioponea koma ya amonia wakiwa wachanga ulionyesha kwamba akili ya mtoto baadaye ililingana zaidi na muda aliokaa katika koma nzito kuliko na kilele cha amonia. Miongozo ya sasa huvitazama vyote viwili, lakini somo la muda halijabadilika.

Siku za kawaida

Njia ya chakula na dawa hufanya kazi kwa kufunga mlango wa kuingilia na kufungua mlango wa pembeni wa kutokea. Mlango wa kuingilia ni protini, ambayo hupimwa kwa gramu kulingana na umri na uzito, na upungufu wake hujazwa na maziwa maalumu ya asidi amino muhimu. Mlango wa pembeni ulibuniwa na Saul Brusilow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970: kwa kuwa naitrojeni haiwezi kutoka kama yurea, itolewe kwa sura nyingine. Sodiamu benzoeti hushikana na glisini na kutoka na mkojo ikiwa imebeba atomu 1 ya naitrojeni. Fenilibutireti hugeuzwa mwilini kuwa fenilaseteti, hushikana na glutamini yenyewe na kutoka na atomu 2. Kwa mtazamo wa ubongo, dawa hii ya pili ina mvuto wa pekee, kwa kuwa inaondoa kitu kilekile kinachozivimbisha astrositi. Miongozo ya Ulaya hulenga amonia iliyo chini ya maikromoli 80 kwa lita na glutamini ya damu iliyo chini ya 1,000, na mtoto anayekaa ndani ya mipaka hiyo mwezi baada ya mwezi ana sababu ya kubaki alipo.

Dawa hizo nazo zina upande wa pili. Fenilibutireti hushusha leusini, isoleusini na valini, asidi amino ambazo mtoto anayekua anazihitaji, na protini ikibanwa kupita kiasi mwili huanza kuvunja misuli yake wenyewe, jambo ambalo huzalisha amonia ileile iliyokuwa ikikimbiwa. Fenilaseteti ikizidi katika damu huleta usingizi, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, dalili zinazofanana mno na za amonia kupanda, kiasi kwamba mzazi anaweza kudhani dozi haitoshi wakati kwa kweli imepita.

Ini jipya, likianza kufanya kazi, huleta mzunguko kamili wa yurea ndani ya mwili. Amonia hurudi kiwango cha kawaida, mara nyingi ndani ya siku chache, dawa za kuondoa naitrojeni husimamishwa na mtoto huruhusiwa chakula cha kawaida. Astrositi hupumzika kwa sababu kazi imerudi kwa mwenyewe, yaani ini, na hazingojei tena dozi ya saa sita mchana. Kwa kigezo hiki peke yake ini jipya liko mbele, na itakuwa si haki kulificha hilo. Hata hivyo hamu ya chakula haipandikizwi: watoto waliozoea miaka mingi kuogopa nyama, au kulishwa kwa mpira, huweza kuikataa hata baada ya kuruhusiwa, na huchukua muda kujifunza kula.

Dharura

Hapa ndipo tofauti inapokuwa kubwa zaidi. Mtoto anayeishi kwa chakula na dawa huvunjika siku ambayo hapati chakula. Homa, kuharisha, jino, chanjo, kufunga kwa ajili ya upasuaji mdogo, hata safari ndefu isiyo na chakula, vyote huulazimisha mwili kuchoma protini yake. Mpango wa dharura unaeleweka vizuri: protini husimamishwa kwa saa 24 hadi 48 na si zaidi, mtoto hupewa glukosi ya kutosha kwa mshipa, dawa za kuondoa naitrojeni pamoja na asidi amino iitwayo arjinini hutolewa kwa mshipa pia, na amonia ikiendelea kupanda damu husafishwa kwa mashine. Ubora wa mpango huo hutegemea kasi. Sampuli ya amonia yenyewe haivumilii uzembe: huchukuliwa bila kukaza mkono kwa mpira kwa muda mrefu, huwekwa ndani ya barafu papo hapo, na inatakiwa ifike maabara ndani ya dakika chache, kwa sababu chembe za damu zikikaa ndani ya chupa huendelea kutoa amonia na kuleta jibu la uongo. Anayeishi mbali na maabara ya namna hiyo anapaswa kuliingiza jambo hilo katika hesabu yake kabla ya jambo lingine lolote.

Kosa moja linafaa kutajwa kwa jina. Mtoto akipata degedege wakati wa dharura, dawa ya valproeti, ambayo hupatikana kwa wingi na hutumika sana kwa kifafa, haimfai, kwani yenyewe huvuruga mzunguko wa yurea na kupandisha amonia. Barua ya dharura inayokaa katika mfuko wa mtoto iandike neno hilo kwa herufi kubwa, kwa kuwa muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kuwa hajawahi kuuona ugonjwa huu.

Baada ya ini jipya dharura za namna hii kwa kawaida huisha, na homa hurudi kuwa homa. Ila zinakuja nyingine: mwili kulikataa ini, mshipa wa ini kuziba kwa damu iliyoganda, maambukizi kwa mtu ambaye kinga yake imekandamizwa. Katika vituo vyenye uzoefu, takriban watoto 9 kati ya 10 wako hai miaka 5 baada ya upasuaji, na hatari kubwa zaidi huwa katika miezi ya mwanzo. Familia inabadilishana hatari inayorudi kila msimu wa mafua na hatari kubwa inayokuja mara moja kisha kupungua, bila kuisha. Ubongo nao haukai salama moja kwa moja, maana takrolimasi, dawa kuu ya kuzuia mwili usilikatae ini, huweza kuleta mtetemo, kuumwa kichwa, na mara chache uvimbe wa sehemu ya nyuma ya ubongo pamoja na degedege.

Yasiyofikiwa

Hakuna njia kati ya hizi inayorudisha kilichokwisha kuharibika. Seli za ubongo zilizokufa siku ya nne ya maisha hazifufuki kwa fenilibutireti wala kwa ini la mjomba. Ni kwa sababu hiyo miongozo ya Ulaya hushauri kwamba, kwa aina kali, upandikizaji ufanywe mapema, ikiwezekana kati ya miezi 3 na 12 ya umri, kabla dharura hazijajirudia. Naona wazazi wengi huuelewa upandikizaji kama hatua ya mwisho, baada ya mengine yote kushindwa. Kwa ugonjwa huu mpangilio huo una kasoro: kila dharura inayosubiriwa ili kuthibitisha kwamba dawa zimeshindwa hulipwa na ubongo uleule ambao ini lilikusudiwa kuulinda.

Jambo la pili lisilofikiwa kikamilifu ni arjinini. Katika upungufu wa OTC, wa kimeng'enya kiitwacho CPS1 na wa aina nyingine za mwanzo wa mzunguko, mwili hautengenezi arjinini ya kutosha, na arjinini ni mali ghafi ya kreatini, akiba ya nishati ya ubongo na misuli. Ndiyo maana mtoto wa njia ya kwanza hupewa arjinini, au sitrulini ambayo mwili huigeuza kuwa arjinini, kila siku, na hiyo ni sehemu ya tiba ya ubongo, si vitamini ya nyongeza ya kuachwa ikipungua fedha. Baada ya ini jipya, sitrulini ya damu huweza kubaki chini, kwa sababu sehemu kubwa yake hutengenezwa katika utumbo, na utumbo bado ni ule wa zamani. Baadhi ya madaktari huendelea kuipima na kuiongeza.

Tofauti kubwa zaidi iko katika upungufu wa arjininosaksineti liyesi, ASL. Kimeng'enya hiki kinahitajika nje ya ini pia, ukiwemo ubongo, na kinahusika na utengenezaji wa oksidi ya nitriki. Watoto wenye upungufu huo huweza kuwa na ucheleweshaji wa akili na kifafa hata pale ambapo amonia yao haikuwahi kupanda sana. Ini jipya humaliza tatizo la amonia na la ini kuharibika, lakini halibadilishi kinachotokea ndani ya seli za ubongo zisizo na kimeng'enya hicho. Upungufu wa arjinesi, kimeng'enya cha mwisho cha mzunguko, nao una sura yake, kwa kuwa ndani yake arjinini hupanda badala ya kushuka, miguu hukakamaa polepole, na kumwongezea arjinini mtoto wa aina hiyo ni kosa.

Mwili na nyumba

Ratiba ya njia ya kwanza ni ya kila siku na haina likizo. Sodiamu fenilibutireti hugawanywa katika dozi 3 hadi 6 pamoja na chakula, harufu yake ni kali na ladha yake ni chungu yenye chumvi, na mtu mzima huweza kufikia tembe 40 kwa siku. Kwa mtoto mdogo unga wake huchanganywa na kitu kitamu, kisha huanza mvutano ambao kila mzazi wa mtoto huyu anaujua: kijiko cha kwanza kinapita, cha pili kinatemwa kwenye kifua cha shati, na mama anabaki akikadiria ni miligramu ngapi zimepotea. Gliseroli fenilibutireti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, ni kimiminika kisicho na sodiamu na karibu hakina ladha. Bei yake ndiyo kikwazo. Benzoeti ni ya bei nafuu kuliko zote.

Jikoni kwetu kuna mtego wake. Uji wa lishe, ambao kliniki nyingi huusifu kwa haki, huchanganywa soya, karanga, ulezi na pengine unga wa dagaa, na bibi mwenye nia njema anaweza kumnywesha mjukuu kikombe kimoja chenye protini aliyopimiwa kwa sehemu kubwa ya siku. Muhogo, viazi vitamu, wali kwa kipimo, ndizi, mafuta na sukari ndivyo vinavyobeba nguvu ya mtoto huyu, na kila anayemshika mtoto lazima ajue hilo.

Njia ya pili hudai kwa namna nyingine. Watu wa Afrika Mashariki wanaohitaji ini jipya wengi husafiri kwenda India, ambako mtoaji kwa kawaida ni ndugu aliye hai anayetoa kipande cha ini lake. Hiyo ina maana watu wawili wa familia moja juu ya vitanda vya upasuaji, na hatari kwa mtoaji ni ndogo lakini ipo. Kwa upungufu wa OTC, ambao jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, mama anayejitolea lazima apimwe kwanza kama naye ni mbebaji. Baba mara nyingi ndiye hufaa zaidi. Kurudi nyumbani hakumalizi mambo: takrolimasi hunywewa maisha yote, kiwango chake hupimwa katika damu, figo na shinikizo la damu hufuatiliwa, na dozi zikirukwa ini huweza kukataliwa. Nyumba ambayo haiwezi kuhakikisha dawa ya amonia haitageuka ghafla kuwa nyumba inayoweza kuhakikisha takrolimasi. Unafuu ni kwamba dozi ni chache zaidi na haziamui kila mlo.

Njia ya tatu inachungulia. Mwaka 2025 huko Philadelphia mtoto mchanga mwenye upungufu mkali wa CPS1 alipewa tiba ya kuhariri jeni iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake, dawa zake zikapunguzwa na protini ikaongezwa. Ni hatua kubwa, lakini kwa sasa haimo katika orodha ya mambo ambayo familia ya kawaida inaweza kuchagua.

Kwa kila hali

Kama mtoto ana aina kali ya OTC au CPS1 iliyoanza akiwa mchanga, akaokolewa mapema na anaonekana kukua kwa hatua zake, mazungumzo ya upandikizaji yaanze mara moja, dawa zikitumika kama daraja. Huyu ndiye mwenye mengi ya kulindwa na muda mfupi wa kuyalinda.

Kama ugonjwa ni wa kiasi, ulioonekana ukubwani, dharura ni za nadra, glutamini inakaa chini ya mpaka, na hospitali inayopima amonia iko karibu, chakula na dawa vinatosha, pamoja na uchunguzi wa kujifunza na kumbukumbu kila baada ya miaka michache. Msichana mbebaji wa OTC anayepata shida ya kupanga kazi za shule au hesabu za haraka asiitwe mvivu kabla ya kupimwa.

Kama kasoro ni ya NAGS, kimeng'enya cha kwanza cha kuuwasha mzunguko, swali la ini kwa kawaida haliingii, kwani dawa iitwayo asidi kaglumiki hushika nafasi ya kinachokosekana na hurejesha kazi karibu yote. Ni aina adimu, lakini inafaa kuulizwa kabla ya kuuza shamba kwa ajili ya safari.

Kama ni ASL, familia itenganishe malengo mawili: ini jipya kwa ajili ya amonia isiyotulia au ini lililoanza kuharibika, ndiyo, ini jipya kwa matumaini ya akili kufunguka, hapana, na daktari aseme hivyo waziwazi.

Kama mtoto tayari ana madhara makubwa ya ubongo, jibu haliko wazi na watu waungwana hutofautiana. Wapo wanaochagua upasuaji ili kumwondolea dharura na vitanda vya wagonjwa mahututi, na wapo wanaoona upasuaji huo ni mateso juu ya mateso. Kuuliza maswali kuhusu huduma ya kumtuliza mtoto na kumpunguzia maumivu si kumkatia tamaa.

Na kama uamuzi wa ini umekwisha kufanywa lakini safari bado, miezi ya kusubiri ina kazi yake. Uzito upande, kwa kuwa upasuaji wa mtoto mdogo sana ni mgumu zaidi. Chanjo zenye virusi hai, ikiwemo ya surua, zijadiliwe na daktari zitolewe mapema, maana baada ya upandikizaji kwa kawaida hazitolewi, na zitolewe kwa mpango wa kumlisha na kufuatilia homa. Barua ya dharura iandikwe upya kwa uzito mpya wa mtoto, nakala moja ikae mfukoni, nyingine kwenye mkoba wa safari.